Muulize Bi Karani: Jaji aliyeuacha ujaji mkuu wa Utah

Shikamoo Bi Karani. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Kwenye filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani ya zamani hutajwa jaji wa Fort Smith, Arkansas, aliyebandikwa jina la "Jaji Mnyongaji". Nimesoma kwamba ni Isaac Parker, na kwamba aliteuliwa na Rais Ulysses Grant mwaka 1875. Hapa bwenini tumebishana hadi usiku. Mmoja anasema Parker alipigiwa kura, mwingine anasema alikuwa mwanasiasa aliyepewa zawadi na chama chake. Lililonishangaza zaidi ni kwamba alikuwa amekwisha kupendekezwa kuwa Jaji Mkuu wa Utah, kisha akaomba apelekwe kwenye mahakama ya wilaya. Si kujishusha cheo huko? — Mwaka wa Pili

Marahaba, mwanangu. Mimi maisha yangu ya kazi yameishia masjala, na mtu wa masjala hasikilizi sifa wala lawama za jaji kabla hajaona karatasi zake za ajira. Nani alimteua? Kiti kilibaki wazi kwa sababu gani? Amepewa muda gani, na analipwa kiasi gani? Ukimpitia Parker kwa maswali hayo, utaona alijua vizuri sana alichokuwa anakifanya.

Kwanza niwaamulie nyinyi wa bwenini. Parker alizaliwa Oktoba 15, 1838, katika Kaunti ya Belmont, jimbo la Ohio. Wakati ule kijana hakuhitaji kupita chuo cha sheria. Alisoma vitabu, akajifunza kazi, akasailiwa, akaruhusiwa. Yeye aliruhusiwa kuwa wakili mwaka 1859, kisha akahamia St. Joseph, Missouri, alikokuwa mjomba wake mwenye ofisi ya uwakili. Huko akawa wakili wa mji, akawa mwendesha mashtaka, na mwaka 1868 akachaguliwa kuwa jaji wa mzunguko wa jimbo. Alichaguliwa kwa kura. Kwa hiyo huyo anayesema Parker alipigiwa kura hakosei, ila anazungumzia mahakama ya Missouri, ambayo ni ya jimbo. Majaji wa serikali kuu ya Marekani hawapigiwi kura na wananchi, si wakati ule wala leo. Rais hupendekeza, Seneti huthibitisha.

Kwenye ujaji ule wa Missouri hakumaliza hata muhula. Mwaka 1870 aligombea ubunge kwa tiketi ya Republican akashinda, akakaa Baraza la Wawakilishi kwa vipindi viwili, kuanzia Machi 1871 hadi Machi 1875. Kijana aliyeanza siasa akiwa upande wa Stephen Douglas, Mdemokrati, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimhamisha chama, na mwaka 1864 alikuwa miongoni mwa wajumbe waliompigia Lincoln kura za urais kwa niaba ya Missouri. Bungeni alijulikana kwa mambo mawili. Alipeleka muswada wa kuwapa wanawake wa maeneo yaliyokuwa bado si majimbo haki ya kupiga kura na kushika madaraka, ukaanguka. La pili ni kutetea makabila ya Wenyeji wa Asili ili yatendewe haki na serikali, na hotuba zake za jambo hilo zilisikika nchi nzima. Hilo la pili liweke kiporo, utalihitaji kwenye jibu la barua inayofuata.

Sasa zawadi ya chama. Mwaka 1874 Parker alitaka useneta. Siku zile maseneta hawakuchaguliwa na wananchi. Walichaguliwa na bunge la jimbo, na utaratibu huo haukubadilishwa hadi mwaka 1913. Bunge la Missouri lilikuwa limegeukia Wademokrati. Republican walimsimamisha wakijua hapiti. Basi pata picha yake: ana miaka 36, ana mke, ubunge unakwisha Machi, useneta umemponyoka, na nyumbani chama chake hakina nguvu tena. Kilichobaki ni Rais wa chama chake mwenye nafasi za kugawa. Kwa hiyo ndiyo, rafiki yako wa pili yuko sahihi, na ningemwongezea kwamba karibu kila jaji wa wakati ule alipatikana kwa njia hiyo. Mimi silioni kuwa doa la Parker peke yake.

Tuje kwenye Utah, maana hapo ndipo kwenye utamu. Utah haikuwa jimbo. Ilikuwa eneo linaloendeshwa kutoka Washington, na majaji wake hawakuwa majaji wa ile Ibara ya Tatu ya Katiba unayoisoma darasani. Walipewa miaka minne, na Rais aliweza kuwaondoa hata kabla ya hapo. Huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kiti alichopendekezewa Parker kilikuwa cha James McKean, aliyekuwa na ugomvi mkubwa na Wamormoni, waumini wa dhehebu lililokuwa na watu wengi zaidi huko Utah. Machi 1875 McKean alimlaza jela usiku mmoja kiongozi wao, Brigham Young, kwa kudharau amri ya mahakama katika shauri la talaka. Siku chache baadaye Grant akamwachisha McKean kazi. Wewe mwanangu, ukiletewa barua ya kukalia kiti hicho, na jina "Jaji Mkuu" limeandikwa kwa herufi kubwa, utashangilia?

Mahakama ya Wilaya ya Magharibi ya Arkansas ilikuwa na jina dogo, lakini jaji wake alikuwa wa Ibara ya Tatu. Anakaa maadamu mwenendo wake ni mwema, yaani hadi afe, ajiuzulu, au Baraza la Wawakilishi limshtaki na Seneti imtie hatiani. Mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Utah angekuwa mpangaji, Fort Smith alikuwa mwenye nyumba.

Kuhusu fedha, alipoteza. Mbunge alilipwa dola 5,000 kwa mwaka. Walijiongezea hadi 7,500 mwaka 1873, wananchi wakachachamaa, wakairudisha mapema mwaka 1874. Jaji wa wilaya kama Parker alilipwa dola 3,500, na haikupanda kufika 5,000 hadi mwaka 1891. Lakini kulikuwa na sheria ya mwaka 1869 ambayo sisi watu wa ofisi tungeisoma mara mbili: jaji aliyefikisha miaka 70 na kutumikia walau 10 aliweza kujiuzulu na kuendelea kulipwa mshahara wake maisha yake yote. Mtu wa miaka 36 anaweza kupiga hesabu hiyo. Hesabu haikutimia, maana alikufa ana miaka 58.

Kiti chenyewe kilikuwa wazi tangu Juni 1874, alipojiuzulu William Story. Nimeulizwa juu yake hapo chini, nitamrudia. Grant alilipeleka jina la Parker kwa ajili ya Arkansas Machi 18, 1875. Machi 19 Seneti ikathibitisha, na hati ya uteuzi ikatoka siku hiyohiyo. Kwetu masjala hilo tungeliita jalada lililopelekwa kwa mkono. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Bunge lilikuwa limekwisha muda wake, Seneti peke yake ilikuwa imeitwa kwenye kikao maalumu cha mwezi ule, na kikao kilikuwa kinakaribia kufungwa. Parker alikula kiapo, akapanda boti kwenda Fort Smith, na Mei 10 akafungua kikao chake cha kwanza.

Bi Karani, salaam. Mimi ni mstaafu mwenzako, ila wa idara ya magereza. Nimeona mahali kwamba huyo Parker aliwahukumu watu 160 kunyongwa na 79 wakanyongwa kweli. Tena inasemekana kwa miaka mingi hapakuwa na rufaa. Mtu mmoja kupewa mamlaka hayo ni haki gani? Usinijibu kwa lugha ya kumtetea mwajiri. — Mstaafu wa Magereza

Salaam sana, mstaafu mwenzangu. Hesabu zako ni sahihi. Simtetei mtu, ila nataka tugawe lawama kwa anwani zake.

Wilaya ile haikuwa Arkansas tu. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mpaka, kulikuwa na Indian Territory, ambayo leo iko ndani ya jimbo la Oklahoma. Ilikuwa ardhi ya Cherokee, Choctaw, Creek, Chickasaw, Seminole na makabila mengine yaliyohamishiwa huko kwa nguvu, yenye zaidi ya maili za mraba 70,000. Makabila yalikuwa na mahakama zao, lakini mahakama hizo ziliruhusiwa kushughulika na watu wao tu. Mzungu au mtu mwingine asiye wa kabila akiua, au akiuawa, shauri lilikwenda Fort Smith. Wahalifu waliligundua pengo hilo mapema. Aliyeiba Texas au kuua Kansas alikimbilia humo, ambako askari wa kabila hawezi kumgusa na ofisa wa mahakama yuko mbali siku nyingi za kupanda farasi. Waliokuwa wanaumia zaidi ni wenyewe makabila. Hapa ndipo unapoona kwa nini mbunge yule mtetezi wao aliitaka kazi hii hasa. Aliiomba.

Anwani ya kwanza ya lawama ni Bunge. Sheria ya jinai ya serikali kuu, iliyotungwa tangu mwaka 1790, ilisema mwuaji atanyongwa. Haikusema "anaweza". Watu 12 wa jopo, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia, wakishasema ana hatia ya kuua kwa kukusudia, jaji hakuwa na adhabu nyingine ya kuchagua. Jaji mpole kuliko wote duniani angesoma hukumu ileile. Bunge lilikuja kuliruhusu jopo kuondoa adhabu ya kifo kwa sheria ya Januari 1897, wakati Parker ana miezi miwili kaburini.

Anwani ya pili ni hilo la rufaa, na hapo nakubaliana nawe kabisa. Kwa kawaida juu ya mahakama ya wilaya kulikuwa na mahakama ya mzunguko. Hii ya Fort Smith ilipewa mamlaka ya zote mbili, kwa hiyo juu ya Parker palikuwa dari. Mahakama ya Juu haikupokea rufaa za jinai za namna hiyo. Aliyehukumiwa alibakiwa na mlango mmoja, kumwomba Rais huruma, na wapo wengi waliobadilishiwa adhabu kwa njia hiyo. Lakini wewe uliyefanya kazi magereza unajua: huruma haichunguzi kama shauri liliendeshwa sawasawa. Hali ilikuwa hiyo kwa miaka 14, hadi sheria ya Februari 1889 ilipofungua rufaa kwa waliohukumiwa kifo, kuanzia Mei ya mwaka huo.

Kikao chake cha kwanza ndicho kilichompa lile jina. Watu 18 walifikishwa kwa mauaji, na 8 wakahukumiwa kunyongwa. Mmoja aliuawa akijaribu kutoroka, mwingine akabadilishiwa adhabu kwa sababu ya umri mdogo. Septemba 3, 1875, sita waliobaki walinyongwa kwa pamoja kwenye jukwaa moja mbele ya maelfu ya watu, na waandishi wa magazeti walikuja kutoka mbali. Magazeti yakishakubandika jina, hata ukae kitini miaka 21 halibanduki. Hata waliotiwa hatiani kwa wizi wa farasi au kuuza pombe kwenye ardhi ya makabila, ambao ndio walikuwa wengi mno kuliko wauaji, hawana filamu yao.

Na jela! Nadhani wewe ungelia. Mahakama ilikuwa kwenye bweni la zamani la wanajeshi, na mahabusu waliwekwa chini yake, kwenye vyumba viwili vya chini ya ardhi, hewa hakuna, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Parker akisikiliza mashauri juu, harufu ilimfuata. Jela mpya haikukamilika hadi mwishoni mwa miaka ya 1880.

Sasa anwani ya tatu, ya Parker mwenyewe, maana umeniambia nisimtetee. Kosa lake silioni kwenye idadi ya walionyongwa. Naliona kwenye namna alivyozungumza na majopo. Aliamini, na alisema wazi, kwamba jopo linapaswa kuongozwa. Maelezo yake kwa jopo yalikuwa marefu, yenye moto, na mshtakiwa aliyekuwa amekimbia baada ya tukio aliweza kusikia jaji akiwafafanulia wale 12 kwamba kukimbia ni ushahidi mzito wa hatia. Mlango wa rufaa ulipofunguka, mambo hayo yalisomwa Washington na watu wasioyapenda. Mahakama ya Juu ilizitengua zaidi ya nusu ya hukumu za kifo zilizokatiwa rufaa kutoka Fort Smith. Katika shauri la Hickory na lile la Starr, yote ya miaka ya 1890, alikosolewa waziwazi kwa maneno yake kwa jopo.

Angalia shauri la Alexander Allen. Alikuwa kijana mweusi wa miaka kama 14, aliyeshtakiwa kumuua kijana wa kizungu katika ardhi ya Cherokee mwaka 1892. Mahakama ya Parker ilimtia hatiani mara tatu. Mara mbili Mahakama ya Juu ikatengua. Mara ya tatu, Desemba 7, 1896, ikakubali, na ikakubali pia maneno ambayo jopo lililokwama liliambiwa: kwamba walio wachache wajiulize kama shaka yao ina msingi, iwapo wenzao wengi, walioapa kiapo kilekile na kusikia ushahidi uleule, hawana shaka hiyo. Hadi leo majaji wa Marekani hulisomea jopo lililokwama maelekezo yanayoitwa kwa jina la Allen. Mimi yananitisha. Mtu mmoja mwenye shaka ndani ya chumba cha watu 12 tayari ana mzigo wa kutosha, na jaji anamwongezea.

Parker ushindi huo hakuuona. Alikuwa amekufa Novemba 17, wiki tatu kabla.

Kutenguliwa kulimuuma. Crawford Goldsby, maarufu kama Cherokee Bill, alikuwa jela ya Fort Smith akisubiri rufaa Julai 1895 alipopata bastola na kumuua askari wa jela, Lawrence Keating. Parker aliwaambia waandishi wa habari kwamba lawama ni ya Mahakama ya Juu na ucheleweshaji wake. Jaji wa wilaya kuisema mahakama ya juu yake magazetini! Mimi nimewahi kuona majaji wakinung'unika kwenye chai, lakini hilo ni jambo jingine. Cherokee Bill alinyongwa Machi 17, 1896. Na mwaka huohuo, akiwa kitandani mgonjwa, Parker alimwambia mwandishi mmoja mwanamke kwamba hata yeye angependa adhabu ya kifo ifutwe, mradi mhalifu awe na hakika ya kuadhibiwa. Namwamini kwa hilo, na bado nasema maelezo yake kwa majopo yalipindukia.

Bi Karani, shikamoo. Ni kweli kulikuwa na ofisa mweusi kwenye mahakama hiyo aliyekamata watu 3,000? — Mama Wawili

Marahaba, mama. Ni Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa huko Arkansas mwaka 1838, mwaka uleule aliozaliwa Parker. Mwaka 1875 aliajiriwa kuwa mmoja wa mashali wasaidizi, yaani maofisa wa kutekeleza amri za mahakama na kukamata watuhumiwa. Hiyo 3,000 ni hesabu yake mwenyewe. Kusoma hakujua. Alisomewa hati za kukamata, akakariri ipi ni ya nani, akatoka nazo.

Wasikudanganye kwamba walikuwa na mishahara minono. Walilipwa kwa kazi: senti kadhaa kwa kila maili na dola 2 kwa kila aliyekamatwa. Mtuhumiwa akifa kabla ya kufikishwa, malipo yake yanakufa naye, ndiyo maana ilikuwa faida kumleta hai. Makumi ya maofisa hao waliuawa kazini. Reeves mwenyewe alishtakiwa kwa mauaji mbele ya Parker mwaka 1887, kwa kumpiga risasi mpishi wa msafara wake. Alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya, na jopo likamwachia.

Nimesikia jaji aliyemtangulia Parker alikuwa mla rushwa. Alifungwa miaka mingapi? Na baada ya Parker alikuja nani? — Msomaji wa Siku Zote

Baada ya Parker alikuja John Henry Rogers, aliyeteuliwa na Rais Grover Cleveland mwaka huohuo wa 1896. Naye alikuwa mbunge wa zamani, ila Mdemokrati, kwa kuwa Rais alikuwa Mdemokrati. Alikuta kazi iliyopungua sana. Bunge lilikuwa limeimega wilaya ile kidogokidogo, mwaka 1883 upande mmoja ukapelekwa Kansas na mwingine Texas, mwaka 1889 ikaanzishwa mahakama Muskogee, na Septemba 1, 1896, mamlaka ya Fort Smith juu ya Indian Territory yakakoma kabisa.

William Story hakufungwa hata siku moja. Mahakama yake ilituhumiwa kwa ubadhirifu na yeye kwa hongo, Bunge likaanza kumchunguza, na alipoona anaelekea kushtakiwa bungeni akajiuzulu, Juni 1874. Kisha akahamia Colorado, ambako alikuwa naibu gavana kuanzia 1891 hadi 1893.